Pleya ya filamu inakaribia kutoka: vitufe vikae wazi au vijifiche, slaida au hatua, ishara au batani?

Kama umeshawahi kutengeneza pleya ya filamu, hii wiki ya mwisho kabla haijatoka utaijua. Video inacheza, sauti inatoka, sabtaito zinasomeka, kila mtu anafikiri kazi imekwisha, alafu mmoja anauliza swali dogo tu, ivi hii bari ya chini yenye vitufe ijifiche baada ya sekunde ngapi, na hapo ndio ugomvi unaanza mpaka usiku. Sisi tulikuwa watatu, wawili Kampala na mimi niko Busia upande huu wa Uganda, na tulibishana siku tisa. Hapa naweka tulivyolinganisha, njia moja na mwenzake, ili wewe ambaye ya kwako bado haijatoka uchague haraka kuliko sisi.

Kwanza ujue pleya yetu ni ya nani, maana bila hiyo kulinganisha kote ni kelele tu. Kuna watu wawili. Wa kwanza ni opereta wa kibanda cha kuonyeshea filamu, ana laptopu ya zamani yenye skrini ya pikseli 1366 kwa upana, projekta, spika mbili kubwa na chumba cha giza kimejaa watu waliolipa. Wa pili ni mtu wa simu, ameenda laibulale, yani duka la kujaza filamu, akajaziwa filamu za VJ (mtu anayetafsiri filamu kwa sauti yake mwenyewe) kwenye flashi au memori kadi, anaangalia nyumbani au ndani ya taksi. Wote wawili faili zao ziko mkononi, siyo intaneti, na hilo linaeleweka, tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, nani atamaliza bando kuangalia filamu ya saa mbili wakati laibulale iko pale kona?

Sasa hawa wawili wakibonyeza vibaya hawaumii sawa. Mtu wa simu akikosea anarudisha, basi. Opereta akikosea watu sitini wanapiga kelele kwa wakati mmoja. Kila nitakachosema hapa chini kimepimwa kwa hiyo, ukikosea unalipa nini, na siyo kwa kipi kinapendeza kwenye picha za kutangaza apu.

Bari ikae wazi au ijifiche

Toleo letu la kwanza lilikuwa na bari inayokaa chini ya picha muda wote, la pili linaificha baada ya sekunde tatu. Hizi njia zote mbili zipo kwenye pleya za wakubwa, VLC na mpv. VLC ukiwa kwenye dirisha la kawaida bari inakaa chini ya video na haigusi picha, ukienda skrini nzima inajificha na inarudi ukisogeza mausi. mpv yenyewe haina bari ya kudumu kabisa, vidhibiti vyake vinaelea juu ya picha na vinapotea upesi sana ukiacha mausi, karibu nusu sekunde hivi.

Kwenye karatasi kujificha kunashinda, filamu ni filamu, nani anataka kuona vitufe. Na kwa mtu wa simu kweli kunashinda, skrini ni ndogo, kila milimita ni mali. Lakini tulipopeleka kibandani tukaona kitu ambacho ofisini hakionekani. Meza ya opereta ni ya mbao nyepesi na spika ziko karibu, kila bomu likilipuka kwenye filamu meza inatetemeka, mausi inasogea kidogo, bari inatokea. Katikati ya vita! Watu: "Wewe, toa hiyo kitu!" na yeye mwenyewe hajagusa chochote maskini.

Kwaiyo hapo swali si wazi au kujificha, swali ni nini kinaiamsha. Tukaweka kiwango, mausi isogee pikseli kadhaa kwa haraka ndio bari itoke, mtetemo mdogo uhesabiwe si kitu. Tukaweka na mambo mawili ambayo naona kila pleya inafaa iwe nayo: kama mshale uko juu ya bari yenyewe isijifiche hata dakika kumi zipite, maana hakuna kitu kinachoudhi kama kitufe kukimbia ukiwa unakifuata, na kama filamu imesimamishwa bari ikae. Hilo la pili mwenzetu mmoja alikataa, akasema mtu anasimamisha ili aangalie picha vizuri, asome namba ya gari au sura ya mtu, sasa bari imeziba. Ana haki. Mwisho tukakubaliana ikae, ila ukigusa mahali patupu iondoke. Sekunde tatu zikabaki za simu, kwa kibanda tukaweka mbili.

Ukiniuliza chaguo langu: ijifiche pande zote, lakini ukiwa na wiki moja tu imebaki weka nguvu kwenye inavyoamka kuliko inavyolala.

Kusogeza mbele na nyuma: mstari wa kuburuta au hatua za sekunde 10

Hapa ndio nilikaa sana na sijuti, watu wengi wanachora mstari, wanaweka kidoti, wanaendelea na mambo mengine.

Fanya hesabu kidogo. Filamu ya saa mbili ni sekunde 7200. Kwenye ile laptopu ya pikseli 1366, hata mstari ukichukua upana wote, kila pikseli moja ni sekunde 5 na kitu. Yani mkono ukitetemeka pikseli mbili umeshapita sentensi nzima ya VJ. Kwenye simu ni vibaya zaidi. Google wanasema kitu cha kugusa kwenye Android kiwe angalau dp 48 (dp ni kipimo chao cha skrini), Apple wanasema pointi 44, sababu kidole cha binadamu ni kinene. Simu nyingi za bei ya chini zikishikwa wima zina upana wa dp 360 hivi. Chukua 48 juu ya 360 uzidishe kwa saa mbili: chini ya kidole chako kimoja kuna dakika 16 za filamu. Dakika kumi na sita! Alafu tunashangaa kwa nini mtu hapati sehemu aliyoachia.

Kwaiyo mstari ni mzuri kwa kuruka mbali, mtu anajua filamu iko karibu nusu anataka kwenda mwisho, anaburuta. Kwa kurudi "hapo hapo, amesema nini?" mstari ni adui. Hatua ndio jibu. YouTube wamezoesha watu wa simu kugusa mara mbili pembeni kuruka sekunde 10, na kwenye kompyuta herufi J na L zinafanya hiyo hiyo kazi, mishale inaruka 5. VLC ya kompyuta ina ngazi, Shift na mshale sekunde 3, Alt na mshale 10, Ctrl na mshale dakika nzima. Mimi napenda hizo ngazi lakini sijakutana na opereta hata mmoja anayezijua.

Kuna njia ya katikati ambayo iPhone ilikuwa nayo zamani, unashika kidoti kwenye mstari alafu unapeleka kidole mbali na mstari, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo kusogea kunakuwa polepole, nusu, robo, mpaka taratibu kabisa. Ni akili nyingi. Tukaijaribu kwa shangazi yangu, hakuigundua hata kidogo, nikamwonyesha akasema "ehee mwanangu, nzuri," na kesho yake ameshasahau. Tukaiacha ndani kwa sababu haimdhuru asiyeijua, ila hatukuihesabu kama suluhisho.

Alafu kuna shida iliyo chini ya kitufe ambayo mtumiaji atakulaumu wewe wa vitufe. Video haihifadhi kila fremu, yani kila picha moja, ikiwa nzima, inahifadhi fremu kamili moja moja na katikati yake mabadiliko tu. x264, programu ya kubana video ambayo imetengeneza faili nyingi sana duniani, usipoibadilisha inaruhusu mpaka fremu 250 kati ya fremu kamili na nyingine, kwa video ya fremu 25 kwa sekunde hiyo ni sekunde 10. Sasa ukisema "rudi sekunde 5" pleya ina njia mbili. Iruke kwenye fremu kamili iliyo nyuma ya hapo na iishie hapo, ni haraka sana lakini unaweza kujikuta umerudi sekunde 12 badala ya 5. Au iende kwenye fremu kamili ya nyuma alafu ichambue fremu zote mpaka ifike mahali sahihi, ni kweli kweli lakini laptopu ya zamani inapumua kwanza, unaona picha imeganda.

Haraka au sahihi? Tulipima zote mbili. Kwenye laptopu ya kibanda kuganda kwa sekunde moja na nusu kulimfanya opereta abonyeze tena, na tena, alafu zote tatu zikatekelezwa pamoja filamu ikarudi mbali. Hiyo ndio hatari ya usahihi kwenye mashine dhaifu, siyo polepole peke yake, ni kwamba mtu anafikiri hujasikia. mpv wameligawa vizuri, mishale ya kawaida inaruka kwa fremu kamili na ukishika Shift inakwenda sekunde moja moja kwa usahihi, na ukiburuta mstari inatumia fremu kamili. Sisi tukachukua hivi: wakati wa kuburuta, fremu kamili tu ili picha ifuate kidole, ukiachia ndio inakwenda mahali sahihi. Kwa batani ya sekunde 10, namba kubwa inatokea papo hapo kabla picha haijafika, "-10", ukibonyeza tena "-20", na pleya inasubiri kidogo ikaruka mara moja kwa jumla. Kelele za kubonyeza mara tatu ziliisha siku hiyo hiyo.

Kama faili zako wewe unazitengeneza mwenyewe, weka fremu kamili kila sekunde 2 ukasahau haya yote, faili litaongezeka kidogo tu. Sisi faili zinatoka laibulale, limepita mikono mingi, unapokea lilivyo.

Sauti: iishie 100 au ivuke

Hapa kuna hadithi ya zamani ambayo kila mtu wa vitufe anafaa kuijua. Mwaka 1999 Apple walitoa QuickTime 4 na pleya yake ilikuwa na sura ya chuma kilichosuguliwa, na sauti badala ya slaida wakaweka gurudumu la kuzungusha kwa kidole kama la redio ndogo ya mfukoni. Kwenye redio unalizungusha kwa kidole gumba, raha. Kwenye kompyuta unalivuta kwa mausi, linafika mwisho wa nafasi, unaachia, unarudi, unavuta tena. Watu wa usanifu waliicheka sana na baadaye slaida ikarudi. Kitu cha mkononi ukikipeleka kwenye skrini kinabeba sura yake na kinaacha raha yake nyuma.

Kwaiyo slaida, hapo hatukubishana. Tulibishana mwisho wake. VLC ya kompyuta inakwenda mpaka asilimia 125 na ya Android unaweza kufika 200. Pleya nyingine zinaishia 100 na kusema basi. Huko kwingine duniani hili ni jambo dogo, huku kwetu kuna VJ. Filamu iliyotafsiriwa na VJ Jingo au VJ Junior sauti ya VJ na sauti ya filamu zimeshachanganywa pamoja kuwa sauti moja, huwezi kuchagua hii upandishe ile ushushe, na nakala ikipita kwenye mikono mitano wakati mwingine inafika chini sana. Mtu wa simu anayesikiliza kwa spika ya simu ndani ya taksi, 100 haimtoshi kabisa. Mnyime kuvuka ataiondoa apu yako atarudi kwa ile nyingine.

Kwa kibanda ni kinyume. Opereta ana amplifaya, nguvu ya sauti anatafuta huko. Ukimpa 200 kwenye laptopu, sauti inakatwa vichwa, inakwaruza, na kilichokwisha kukwaruzwa hata ukishusha amplifaya hakirudi kuwa safi. Aliweka 200 siku moja na alikuwa na uhakika spika imekufa, akaita fundi.

Tukachagua: simu inafika 200 lakini slaida inasimama 100 kama ngazi, lazima uachie kidole ushike tena ndio ivuke, na rangi inabadilika kuwa ya machungwa. Na hapo hapo tukaandika na namba, siyo rangi peke yake, wapo wanaume wengi tu ambao nyekundu na kijani kwao ni mamoja. Kibanda kinaishia 100, ukitaka zaidi nenda kwenye mipangilio uwashe.

Slaida iwe wima au ulalo? Wima kwenye simu, ulalo kwenye laptopu, tusipoteze muda.

Ishara za kidole au batani zinazoonekana

Hii ni ya simu peke yake. Mtindo wa MX Player, na VLC ya Android nao wanao, ni huu: telezesha kidole upande wa kushoto juu chini unapata mwanga, upande wa kulia unapata sauti, telezesha kwa ulalo unasogeza filamu. Mtu aliyezoea hataki kitu kingine, anaendesha filamu bila kuangalia kama mtu anayekata vitunguu gizani. Na skrini inabaki safi.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini ishara hazina cha kutazama. Asiyeambiwa hajui zipo. Tulimpa shangazi simu yenye toleo la ishara tupu bila batani ya sauti, akahangaika, akabonyeza batani za pembeni za simu, sauti ikapanda, akafurahi na akaendelea na maisha yake. Yani kwake ile ishara ilikuwa haina kazi hata kidogo, simu yenyewe ilishamtatulia. Lakini mwanga hakuupata mpaka filamu imeisha, alikuwa anaangalia picha nyeusi akilaumu filamu.

Hatari nyingine ni ishara kutokea bila kuitwa. Nilipanda taksi Busia mpaka Kampala na simu mbili, moja ishara, moja batani. Barabara ikiwa na mashimo kidole kinagusa tu, filamu inaruka robo saa, unatafuta ulipokuwa, shimo lingine. Na tangu Android 10 ya mwaka 2019 kuna ile ya kutelezesha kutoka ukingoni kurudi nyuma, sasa mtu anataka mwanga upande wa kushoto, anaanza karibu sana na ukingo, simu inaelewa "rudi", filamu inafungwa. Lazima uache nafasi pembeni ambayo ishara zako haziisikilizi kabisa, na mwenye jirani mkorofi ndiye anayejenga ua.

Batani zenyewe zina tabu yao, zinaziba picha, na tatu nne zikijaa katikati ya skrini ya inchi tano unaona batani tu. Tukaishia hivi: katikati batani tatu kubwa, rudi 10, simamisha, mbele 10. Kugusa mara mbili pembeni kunafanya kazi ile ile ya batani, kwaiyo anayejua anatumia njia ya mkato na asiyejua hakosi kitu. Kutelezesha kwa mwanga na sauti kumebaki. Kutelezesha kwa ulalo kusogeza filamu tumekuzima, ukitaka uwashe mwenyewe. Na kufuli, batani ya kufuli ikae wazi wazi juu, ukifunga hakuna kinachosikilizwa mpaka ushike kwa sekunde moja. Wamama wenye watoto wadogo ndio waliipenda kuliko wote, hilo hatukulifikiria kabisa, sisi tulifikiria mashimo.

Kuhusu alama au maandishi: pembetatu na mistari miwili kila mtu anajua, acha alama. Kwa sabtaito na mengine andika maneno. Tulikuwa na alama ya kubadilisha lugha ya sauti, watu wanne kati ya watano tuliowauliza walisema ni batani ya kurekodi. Tukaandika "Lugha ya sauti" kwa Kiswahili, na Kiganda na Kiingereza kwenye mipangilio, kazi ikaisha.

Umeme ukirudi: uliza au endelea tu

VLC tangu toleo la 2.2 la mwaka 2015 inakumbuka ulipoishia na kwenye kompyuta inakuuliza kama unataka kuendelea. mpv inakumbuka ukifunga kwa Shift na Q. Njia ya tatu ni kuendelea bila kuuliza.

Kwa simu endelea tu, usimuulize mtu kitu anachokijibu "ndio" kila siku. Rudi nyuma sekunde 5 hivi ili akumbuke mazungumzo, na weka batani ya "Anza mwanzo" ikae sekunde chache alafu ipotee.

Kibandani tulidhani ni rahisi hivyo hivyo, kumbe. Opereta anaonyesha filamu ile ile saa kumi jioni na tena saa mbili usiku. Ukimwendelezea, watu wa saa mbili wanaanza na mwisho wa filamu, adui ameshakufa, pesa zimeshalipwa, ssebo utaenda wapi? Lakini umeme ukikatika katikati na jenereta ikawashwa, hapo anataka kuendelea palepale na haraka kabla watu hawajaanza kudai. Faili ni moja, kitufe ni kimoja, na anahitaji majibu mawili tofauti.

Jibu liko kwenye jinsi ilivyofungwa. Pleya ikifungwa kwa mkono inafuta alama ya mahali, onyesho limeisha, la kesho lianze mwanzo. Ikikatika ghafla alama inabaki, ikiwashwa inaenda palepale bila swali. Na hapo ndio ujue kuhifadhi mahali wakati wa kufunga peke yake hakuna maana, umeme haukuagi, tunaandika kila sekunde 10 filamu ikiwa inacheza. Kama una nafasi ya kurekebisha kitu kimoja tu kabla ya kutoa pleya, fanya hiki, maana ukitengeneza ofisini penye betri na intaneti nzuri hutakiona kamwe.

Kibodi

Spesi ni kusimamisha na kuendelea, F ni skrini nzima, M ni kunyamazisha. Hizo usiziguse, watu wamezaliwa nazo.

Sabtaito zikichelewa, VLC inatumia G na H kwa hatua za milisekunde 50, mpv inatumia z ndogo na Z kubwa kwa hatua za milisekunde 100. Sabtaito ikichelewa sekunde 2, ambayo ni kawaida tu ukichukua sabtaito ya nakala nyingine, kwa VLC unabonyeza mara 40 na kwa mpv mara 20. VLC wana ujanja mwingine, Shift+H unapoisikia sentensi, Shift+J unapoiona, alafu Shift+K inalinganisha yenyewe, kitu kizuri sana kilichofichwa mahali ambapo hakuna mtu anapita. Tumekichukua tukakipa batani mbili kwenye menyu, "Nimesikia" na "Nimeona". Hatua zetu ni milisekunde 100, na ukishika kitufe zinakimbia.

Kwa kufunga pleya tuliiga mpv, herufi q moja, bila Shift bila swali. Mpenzi wa kibodi kati yetu aliipigania sana, kwamba ni haraka, na mwenye kuogopa ajifunze. Mimi nikataka swali la "una uhakika?", yeye akasema swali linatokea kwenye projekta mbele ya watu wote, na hapo alikuwa sahihi. Njia ya tatu ni kushika kitufe kwa sekunde moja, hakuna swali, mduara mdogo unajaa kwenye kona, ukiachia mapema hakuna kitu. Hiyo ndio imeshinda na iko kwenye toleo linalotoka.

Lakini kabla haijashinda opereta wetu wa Busia alikuwa ameshakaa na toleo la q wiki nzima. Tab na q zimepakana, na gizani mara mbili alikosea akafunga filamu mbele ya watu. Nilipomrudia na toleo jipya nikakuta laptopu yake ina pengo kwenye kibodi, q ameing'oa kwa bisibisi, kaiweka kwenye droo. Nikamuuliza sasa majina ya filamu anaandikaje. Akaniangalia kama anayemwangalia mtu asiyejua kusoma. "Kiswahili hakina q," akasema, "na Kiganda hakina. Ya nini?"